Mwaka Nilioilea Kompyuta ya Mishamo

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Kasanda, aliyekuwa mwendesha redio wa mradi wetu wa maji. Tulipotoka makaburini tulirudi nyumbani kwake Kawajense, pale Mpanda, wanaume wakakaa kwenye mabenchi na wanawake kwenye mikeka, nami nikapewa sahani ya ugali na maharage nikatafuta pa kukaa. Mwanamke mmoja wa makamo akanyanyua uso, akaniambia bila hata kunisalimu, "Bado unaandika amri zako kwa herufi kubwa tupu?" Alikuwa Consolata. Sikuhitaji kumtazama mara mbili, maana ile sauti niliizoea kabla sijawahi kuiona sura yake. Mjukuu wa marehemu, aliyekuwa anagawa maji ya kunawa, akatuuliza tulifahamiana wapi. Tukatazamana. "Kwenye redio ya babu yako," Consolata akajibu, "huyu akiwa Mpanda, mimi nikiwa Mishamo, na kati yetu kompyuta mgonjwa." Yule kijana akacheka kwa adabu, kama mtu anayecheka utani asiouelewa. Nimeona niuandike mwaka ule kabla haujabaki kichwani kwa watu wawili tu.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Mimi nilikuwa fundi redio mjini Mpanda, na mradi wa maji ulinichukua kwa sababu ndogo: niliwahi kuitengeneza redio yao ya mawasiliano, basi wakaamini kwamba mtu anayeelewa kitu chenye waya anaelewa kila chenye waya. Walikuwa na kompyuta tatu, mbili mjini na moja Mishamo. Ofisi ilikuwa jengo la matofali karibu na stesheni, na treni ya Kaliua ilipoingia, vioo vya madirisha vilitetemeka. Chumba changu kilitenganishwa na chumba cha redio kwa ukuta wa mbao, hivyo nilijifunza kompyuta huku nikisikia maisha ya mkoa mzima yakipita: nani kajifungua, gari gani limezama, mapampu gani yamekufa. Nilikuwa na kitabu kilichokuja ndani ya boksi la kompyuta, cha Kiingereza, na kamusi yangu. Nilikisoma kwa mpangilio, ukurasa baada ya ukurasa, na sikuuvuka ukurasa kabla sijajaribu kila kilichoandikwa humo. Leo vijana wananiuliza nilisoma chuo gani. Nawaambia ukweli, kwamba nilisoma kitabu kimoja kwa sababu hakikuwepo cha pili.

Mchana tulikula pamoja chumba cha redio, ugali na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyokaushwa, sahani ikiwa juu ya betri ya gari iliyoendesha redio, kwa sababu meza ilijaa makaratasi. Ni wakati wa mlo mmoja kama huo nilipomsikia meneja wetu, Bwana Malekela, akizungumza na mhasibu barazani, nje ya dirisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Ile kompyuta ya Mishamo inakula safari tu," alisema. "Kila wiki imekufa. Mvua zikikatika naifuata mwenyewe, taarifa zote zichapwe hapa." Mhasibu akauliza, "Na yule binti?" Malekela akajibu, "Yule hawezi kuhamia huku. Ni mtu wa makazi, hatoki bila kibali, na kibali cha kuja kufanya kazi mjini nitakipata wapi? Tutamwandikia barua ya shukrani." Mzee Kasanda aliacha kutafuna. Aliniangalia, kisha akaiangalia redio, kana kwamba Consolata alikuwa amekaa mle ndani na huenda amesikia.

Mishamo yalikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Consolata aliletwa huko angali mtoto mchanga, akakulia huko, akasomea huko, na kazi ya ukarani wa mradi ndiyo kazi pekee ya mshahara aliyowahi kuipata. Yeye ndiye aliyekusanya taarifa za mapampu ya vijiji vyote vya makazi, akazichapa na kuzituma Mpanda, na vifaa vilipelekwa kufuata taarifa hizo. Kompyuta ilihitaji pikapu tu ili ihame. Yeye alihitaji nchi nzima ibadilike. Nilikuwa kijana, na jambo hilo sikuwa nimewahi kulifikiria kabla ya mchana ule. Nilirudi chumbani kwangu nikaketi mbele ya kitabu, nikajiuliza swali ambalo kwa kweli ndilo limenilisha mpaka leo: je, naweza kuifanya kompyuta iliyo mbali ijitunze yenyewe?

Nilijua ugonjwa wake ni wa diski. Mafaili yalikatika vipande, mengine yakapotea, na mwisho mashine ilikataa kuwaka. Dawa zilikuwemo mle mle: programu ya kukagua diski na kurekebisha makosa, programu ya kuyapanga mafaili yaliyotawanyika, na amri za kufuta takataka na kunakili taarifa kwenye disketi. Tatizo ni kwamba dawa hizo zilingoja mtu azikumbuke. Basi nikaamua kuziandika amri zote katika faili moja, moja chini ya nyingine, faili ambalo kompyuta hulisoma kila inapowashwa. Nikaiamuru kwanza ijiulize tarehe, kisha itafute katika jibu lake herufi zinazosema kuwa leo ni Ijumaa. Ikizipata, ianze matibabu. Isipozipata, iendelee na kazi zake. Niliichagua Ijumaa kwa sababu ofisi zote nilizozijua zilifunga hesabu za wiki Ijumaa. Nilijaribu mjini, ikafanya kazi. Nilifurahi kiasi cha kushindwa kula.

Lakini mvua zilikuwa zimekwisha kuikata barabara. Hakuna lori lililokubali kwenda Mishamo, na disketi haina mabawa. Mzee Kasanda ndiye aliyesema, "Kwani hizo amri zako si maneno? Maneno yanapita hapa kila siku." Hivyo tukaanza kuusafirisha mpango wangu kwa redio, herufi kwa herufi, kila asubuhi baada ya salamu za vituo.

"Mishamo, Mishamo, hapa Mpanda, mnanipata? Ova."

"Nakupata vizuri. Shikamoo mzee. Ova."

"Marahaba mwanangu. Nakupa huyu kijana wako wa herufi. Ova."

Ndipo mimi nikaanza. "Andika E, C, H, O, halafu nukta, halafu mstari uliosimama wima. Ova." Consolata akiuliza mstari huo uko kitufe gani, nilihesabu vitufe vya kompyuta yangu kwa kidole ili nimwelekeze. Masafa yale yalikuwa ya wote. Siku moja dereva wetu aliyekwama Inyonga akashindwa kuvumilia: "Jamani nyie, mkimaliza hiyo sala yenu mtuambie, maana sisi huku tunaomba springi. Ova." Muuguzi wa zahanati fulani akaingia nyuma yake: "Waache bwana, ndiyo wanachumbiana hao. Wengine wanaandikiana barua, wao wanapeana nukta. Ova." Mzee Kasanda akanyakua kipaza sauti, akawakemea kwa sauti ya kiserikali, kisha akakizima na kucheka mpaka akatoa kitambaa afute macho. Consolata hakujibu utani wowote. Alisoma tu alichokiandika, tangu mwanzo, bila kuruka hata nafasi, nami nikifuata kwa kalamu.

Ijumaa ya kwanza mpango ukaanza vizuri, ukafia katikati, na kompyuta ikawa mbaya kuliko mwanzo. Hilo lilinishtua, kwa sababu programu ya kuyapanga mafaili, ikikatizwa, ni kama mtu aliyetoa vyombo vyote kabatini ili avipange, kisha paa likaezuliwa na upepo. Tulikesha siku kadhaa kuifufua kwa redio. Nikauandika mpango upya, nikabadili mfuatano wa amri. Ijumaa iliyofuata ikafa tena. Nikaandika mara ya tatu. Kila mara nilimuuliza Consolata, "Umeme upo? Ova," naye akajibu, "Upo tu. Ova." Nikauliza kama unakatika. "Haukatiki. Ova." Nikatafuta kosa katika amri zangu, kwa sababu huko ndiko nilikojua kutafuta. Mzee Kasanda alikuwa amekaa pembeni yangu, akaniambia, "Huyo binti ana neno, ila halisemeki hewani." Sikumwelewa. Nilidhani neno ama lipo ama halipo.

Mvua zilipopungua, nilimwomba Bwana Malekela aniruhusu nitangulie Mishamo kabla yake. Alikubali kwa sharti. "Mimi nakuja na pikapu nyuma yako. Ukiikuta haifai, uwe umeshaifunga kwenye boksi, nisikae huko kusubiri." Nikaenda juu ya lori lililokuwa likifuata maharage, nikafika nimepakwa tope hadi masikioni. Consolata alitoka ofisini, akanitazama, akasema, "Kumbe wewe ni mfupi." Huo ndio ulikuwa ukaribisho wangu. Nilipewa kulala stoo, kati ya mabomba ya pampu yaliyonuka grisi, na mama mmoja jirani wa ofisi, Mama Daforoza, alinipikia. Maharage yake yalikuwa na mawese mengi na pilipili kidogo, pamoja na ugali wa muhogo unaovutika, na alikaa kuhakikisha sahani imeisha. "Mtu wa mjini akirudi amekonda watasema Mishamo tuna njaa."

Asubuhi niliketi mbele ya kompyuta, nikaiwasha, nikasubiri. Nje, hatua chache tu kutoka dirishani, kulikuwa na mashine ya kusaga ya Mzee Nzeyimana. Injini yake ya dizeli ndiyo iliyozungusha jiwe la kusagia, na ndiyo hiyo hiyo iliyozungusha jenereta dogo lililotupatia umeme. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia Mpanda. Nilijua tu kwamba umeme upo. Nilisikia injini ikinguruma kwa upole, balbu juu yangu ikiwa nyeupe. Kisha mwanamke wa kwanza akamimina mahindi, ngurumo ikashuka kama mtu aliyebebeshwa gunia, balbu ikawa na rangi ya papai, na stabilaiza iliyolinda kompyuta ikatoa mlio mmoja mkavu, ta! Skrini ikazima, ikawaka upya. Jiwe likatulia, balbu ikawa nyeupe. Mahindi yakaingia, balbu ikaiva. Na Ijumaa, kama nilivyokuja kujua, ndiyo siku ya foleni ndefu kuliko zote, kwa sababu Jumamosi ni gulio. Nilikuwa nimeichagua siku ile mbaya kabisa kwa uangalifu mkubwa.

Consolata alifunga dirisha kwanza, ndipo akasema. "Sasa hili ningelisemaje kwenye redio? Wanasikia mpaka Inyonga. Yule mzee anatupa umeme bure, hata ahsante hataki. Nimtangaze kwamba ndiye anayetuua?"

"Ungeniambia kwa mafumbo."

"Nilikuambia upo tu. Mtu akiulizwa hali akasema yupo tu, huko kwenu mnampongeza?"

Miaka mingi baadaye, ninapotazama kwenye skrini orodha ya kompyuta za ofisi zilizotawanyika mkoa mzima, kila moja ikiwa na alama ya kijani kwamba iko salama, mimi bado hupiga simu. Huuliza wameamkaje, na hungoja kusikia namna wanavyojibu. Wenzangu wanaona ni uzee unaanza.

Tulikwenda kwa Mzee Nzeyimana pamoja, kwa salamu ndefu, na Consolata hakutaja neno kuharibu hata mara moja. Alimuuliza kuhusu injini. Mzee akaeleza kwa furaha: haipendi kubebeshwa mzigo ikiwa baridi, hivyo kila asubuhi huiacha izunguke tupu mpaka yeye amalize kiko chake, ndipo huvalisha mkanda wa jiwe. Nikasikia nilichokuwa nakitafuta. Kwa muda wa kiko kimoja, kila siku iendayo kwa Mungu, umeme wa Mishamo ulikuwa safi. Tatizo ni kwamba ukaguzi wa diski ulihitaji muda mrefu kuliko tumbaku. Mzee akatafakari. "Mimi naweza kusubiri," akasema. "Lakini asubuhi si yangu. Asubuhi ni ya wenye mahindi. Kaongeeni nao."

Walikuwa wamekaa juu ya magunia na ndoo zao, na habari ilikuwa imeshawafikia. Mama Daforoza ndiye aliyekuwa msemaji. "Kwa hiyo sisi watoto wetu wakae na njaa, mgonjwa wenu anywe dawa kwanza?" Wakacheka wote. "Na huyu nimemlisha mimi! Jana amemaliza sahani mbili, leo anataka kunizuilia unga!" Nilianza kueleza habari za diski, nikaona nyuso zinavyonipotea. Consolata akanishika mkono wa shati, akanisogeza pembeni, akasema nao Kirundi. Hakusema kwa muda mrefu. Kicheko kikakoma. Mwanamke mmoja akauliza kitu, akajibiwa, akatikisa kichwa. Baadaye nilimuuliza aliwaambia nini. "Nimewaambia gari linakuja kuichukua. Na ikienda, mimi nabaki, sina kazi, na pampu zenu zitaandikwa na mtu asiyejua hata majina ya vijiji vyenu. Ndiyo ukweli, sikuongeza kitu."

Mama Daforoza alinigeukia kwa Kiswahili. "Haya. Lakini tutajuaje kwamba imemaliza? Tukae tunachungulia dirishani kama wezi?"

Nikasema Consolata atatoka kuwaambia.

"Akisahau? Akiwa chooni? Hapana. Ilie yenyewe. Jogoo si analia yenyewe?"

Kitabu changu kilikuwa na ukurasa kuhusu mlio huo, nami niliwahi kuujaribu kwa mchezo tu. Mchana ule niliuandika mpango wangu kwa mara ya mwisho. Niliitoa ile kazi ndefu ya kuyapanga mafaili, niifanye mwenyewe kila nikifika. Niliondoa Ijumaa, nikaondoa kuuliza tarehe kabisa. Kompyuta ikiwashwa tu, ikague diski, ifute takataka, inakili taarifa kwenye disketi, kisha ilie mara tatu. Consolata aizime papo hapo, na mkanda wa jiwe uvalishwe. Taarifa angeziandika kwa kalamu mchana na kuzichapa jioni, mahindi yakiisha, injini ikizunguka tupu kwa masalia ya dizeli ambayo mzee alikubali kutuachia, ingawa alisema wazi kwamba masalia hayawezi kuwa desturi.

Asubuhi ya kwanza hakuna aliyeamini. Kiko kilikwisha, mzee akakaa na mkanda mapajani, wanawake wanaangalia dirisha letu. Ilipolia, walipiga vigelegele kwa dhihaka, na Mama Daforoza akatangaza kwamba mgonjwa amekunywa dawa. Asubuhi ya pili vigelegele vilikuwa vichache. Baada ya hapo mlio ukawa sehemu ya foleni, aliyechelewa aliuliza, "Imeshalia?" kama anavyouliza kengele ya kanisa. Sijawahi tena kuandika mpango uliosubiriwa na watu wengi kiasi kile. Hizi ninazoziandika leo hufanya kazi watu wakiwa wamelala, na ubora wake ni kwamba hakuna anayejua zipo.

Bwana Malekela alifika asubuhi moja mapema, pikapu ikiwa na godoro nyuma, la kulalia kompyuta isiumie njiani. Nilimwona kupitia dirisha. Aliteremka, akasikia injini inazunguka, akaona foleni ya wanawake wametulia na mzee aliyekaa na mkanda mapajani. "Mbona hamsagi?" akauliza kwa sauti ya meneja.

"Shhh," Mama Daforoza akamwambia. "Bado haijalia."

"Nini haijalia?"

"Kaa kwanza, baba. Hata wewe utapata zamu yako." Na mwanamke mmoja akasogeza ndoo, akampisha juu ya gunia.

Akakaa. Nilitaka kutoka nikamweleze, lakini Consolata, mikono yake ikiwa imekazwa juu ya meza, akatikisa kichwa, bila kuondoa macho kwenye skrini. Ukaguzi ulikuwa unasogea kwa kimstari kile cha njano, taratibu kuliko siku zote, au ndivyo nilivyoona. Kisha ikalia, mara tatu, na nje pakawa na vurumai ya ndoo na magunia, mkanda ukavalishwa, Consolata akazima, balbu juu yetu ikaiva.

Bwana Malekela aliingia ofisini akiwa na vumbi la unga kwenye suruali. Aliitazama kompyuta iliyozimwa, akaishika juu kama anayepima homa. Akamuuliza Consolata kama ana taarifa za wiki, akapewa, zimechapwa zote, na disketi ya nakala juu yake. Akazisoma akiwa amesimama, Consolata akimweleza kwamba huzichapa jioni, mahindi yakiisha. Mimi nilikuwa nimeshika boksi tupu la kompyuta, maana aliniagiza liwe tayari, na sikujua nililaze wapi.

"Jioni mnachapia dizeli ya nani?" akauliza.

"Ya mzee," Consolata akasema. "Ila inakaribia kwisha."

Alikunja taarifa, akazitia kwenye begi lake. "Nitaleta pipa," akasema. Alitoka kwenda kumshukuru Mzee Nzeyimana, na nilisikia kupitia dirisha jinsi mzee alivyokuwa akiikataa shukrani hiyo. Consolata alikaa kwenye kiti chake. Hakucheka wala hakulia. Alichukua kalamu akaanza kuandika majina ya pampu za siku hiyo, na aliponiona bado nimesimama na boksi akaniambia niliweke chini, linamzibia mwanga.

Tuliondoka adhuhuri. Barabara ilikuwa mbaya, na meneja alikaa mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma, nikalala juu ya godoro la kompyuta, nikasinzia mpaka Mpanda.